Kitambaa Chekundu Juu ya Mayai

Watu wa gatini walimwita Mama Kwekwe, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilikuwa la haki. Kazi yake ilikuwa kung'oa magugu. Si ya shambani wala ya uani kwa mtu. Aling'oa magugu ya mwambani, katikati ya bahari, mahali ambapo hakuna aliyewahi kulima wala kujenga.

Miamba yenyewe ilikuwa miwili. Mkubwa waliuita Mama, mdogo wakauita Mtoto. Mama alisimama wima, kuta zake zimechongoka pande zote isipokuwa mmoja, hata boti haikuwa na pa kuegemea. Mtoto alijilaza kando yake, bapa, mweusi, na hapo ndipo boti iliposhushia watu. Kati yao palikuwa na mfereji mwembamba walioupa jina Koo, kwa sababu maji yakijaa humeza pale kwa sauti. Maji yakitoka, unavuka Koo kwa miguu, unalowa magoti tu, kisha unapanda mgongoni kwa Mama kwa upande ule mmoja wenye vidato.

Huko juu walizaliana membe. Ndege wembamba, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia umechanika kama mkasi. Hawajengi kiota. Kila jike hutaga yai lake la madoadoa juu ya changarawe tupu, kisha hulikalia kulikinga na jua. Pale mwambani yai haliogopi baridi, linaogopa joto. Kandokando ya mayai zilijishikiza nyasi fupi ngumu, na mmea mmoja wa majani manene yenye chumvi, ambao ukiukanyaga hupasuka kama zabibu. Hivyo vilikuwa vya kwao. Kisichokuwa cha kwao ni mbigiri. Ilifika kwa soli ya kiatu cha mtu, nani hajulikani, ikatambaa, ikatoa vimaua vya manjano vya kupendeza, kisha ikatoa miiba. Kinda wa membe akichomwa na mwiba wa mbigiri hukaa chini, na akishakaa chini hainuki tena.

Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi ilianzia kwenye soli. Ofisi yao, ile ya kutunza visiwa, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la barafu, chumba chenye benchi, ndoo ya maji, burashi za plastiki na harufu ya samaki wa jana. Mama Kwekwe na wifi yake walikaa pale benchini, wakasugua viatu mpaka kwenye mishono, wakakunjua pindo za suruali, wakageuza mifuko nje.

"Hata siku ya harusi yangu sikusuguliwa hivi," wifi alisema siku ile.

"Ungesuguliwa, labda yule bwana angekaa."

"Mshenzi wewe! Nani alikufundisha kusema?"

"Si wewe."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, dada wa mume, na ndiye pekee aliyekubali kazi hii pamoja naye. Mume mwenyewe ndiye nahodha wa boti ya ofisi. Masikio yake yalikuwa yameliwa na mashine kwa miaka mingi, ukimwita anakutazama midomo. Basi ilikuwa kazi ya kifamilia, na watu wakawatania kwamba siku ofisi ikiwafukuza, ukoo mzima utalala njaa.

Jambo ambalo ukoo mzima haukulijua ni kwamba Mama Kwekwe aliogopa maji.

Si woga wa kusema "mh, leo bahari mbaya." Ni woga unaokaa tumboni kama jiwe. Alipokuwa mdogo aliwahi kutumbukia kwenye tangi la maji la nyumba ya jirani. Akatolewa kwa kushikwa nywele. Tangu siku hiyo hakuweza hata kuoga kwa kujimwagia kichwani. Alijipangusa uso kwanza, kwa kitambaa, kidogo kidogo. Ukubwani alipata kibarua cha kupalilia bustani ya hospitali, na huko akajulikana kwa jicho lake la magugu. Ofisi ya visiwa ilipotafuta mtu, akapelekwa. Mkuu akamuuliza, "Bahari unaiweza?" Nyumbani watoto walikuwa wawili na wa tatu njiani. Akaitikia kwa kichwa. Hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa tu, na kichwa hicho kikamfikisha mwambani.

Kushuka kwenye Mtoto hakukuwa na ngazi. Nahodha alisogeza boti kwa kinyumenyume, wimbi likaiinua, na pale juu kabisa, kabla halijaanza kushuka, alipiga kelele "Haya!" nawe unaruka. Ukiruka mapema, unaruka shimoni. Ukichelewa, unarukia meno ya mwamba. Jaketi la kuokolea lilibaki botini, maana huwezi kuinama kutwa nzima na jaketi. Miaka yote hiyo Mama Kwekwe aliruka macho yamefumbwa nusu, na watu walidhani ni jua.

Woga huo ndio uliotunga sheria ya vitambaa. Mwaka mmoja, kwenye mwamba mwingine wenye taa ya kuongozea meli, fundi wa taa alimpungia mikono rafiki yake wa boti aje amchukue, bahari imechafuka. Rafiki akaingia kwa huruma. Wimbi likamnyanyua likambwaga juu ya mwamba, boti ikawa kuni. Fundi akapona, rafiki hakupona. Jioni hiyo Mama Kwekwe alimsimamisha mumewe jikoni, kati ya ndoo na jiko, akazima redio.

"Tutakuwa na vitambaa viwili," alimwambia, akimkazia macho amsome midomo. "Cheupe, njoo. Chekundu, usije. Ukiona chekundu mahali popote pale mwambani, usije, baba. Hata ukiniona napunga mikono. Hata ukiniona nalia."

"Sasa ukilia mimi nikutazame tu?"

"Unitazame tu. Apa."

Mumewe alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha kucheka, akaapa.

Siku ile bahari ililala kama shuka. Nahodha aliwashusha kwenye Mtoto, akaenda zake kuvua upande wa pili, kama kawaida. Walivuka Koo kwa magoti, wakapanda kwa Mama. Membe waliinuka wote kwa mpigo, anga ikawa makelele, wakadondoshewa vinyesi mabegani. Walifanya kazi kama walivyozoea: kipande kidogo, haraka, bila kusema kwa sauti, kisha unahama ili ndege warudi. Wifi akaona mbigiri imetokeza kule kwenye Mtoto, akavuka kwenda kuitazama, na kitambaa cheupe kiunoni.

Mama Kwekwe akabaki na kona moja ngumu. Mizizi ilikuwa imeingia ufa, akakawia. Ndege wa kona ile hawakuweza kurudi, na jua lilikuwa limepanda. Akayagusa mayai yao kwa mgongo wa kidole. Yalikuwa ya moto. Juu yake shakwe mkubwa, mwizi wa mayai, alikuwa akizunguka bila haraka kama mtu aliyeagiza chakula.

Hakufikiri. Alikifungua kitambaa chekundu kiunoni, akakitandaza juu ya mayai, akakibana kwa mawe. Nitakitoa nikimaliza huu mzizi, alijiambia.

Mzizi ulikuwa haujatoka alipomwona wifi kule chini akimpungia kwa mikono yote miwili: njoo, njoo uone. Akateremka, akavuka. Na kweli yalikuwa ya kuona. Nyuma ya jiwe moja la Mtoto mbigiri ilikuwa imetandika zulia, imeshabeba, mbegu zimekauka tayari kudondoka. Upepo mmoja tu na kazi ya miaka ingekuwa bure.

"Na sisi tulipita hapa juzi juzi tu," wifi alisema.

"Tulipita tunacheka."

Wakapiga magoti. Waling'oa kwa uangalifu, mwiba usidondoke, wakijaza gunia baada ya gunia na kufunga midomo yake kwa kamba moja ndefu. Migongo ilikuwa kwa bahari. Ndiyo sababu hawakuona.

Mbingu ilikuwa safi. Hapakuwa na upepo. Lakini mahali fulani mbali sana palikuwa na dhoruba, na mawimbi yake yalikuwa yamesafiri, marefu, yasiyo na povu, na sasa yalikuwa yakifika. La kwanza walilisikia kabla ya kuliona. Koo ilimeza.

Mama Kwekwe aligeuka. Mfereji waliouvuka kwa magoti ulikuwa umejaa maji ya kijani, yanapanda, yananyonywa, yanapanda tena. Gunia lililokuwa ukingoni halikuwepo.

"Wifi. Simama."

"Nimeona. Usinitishe. Nimeona." Wifi alikuwa ameshachomoa kitambaa cheupe, anakipunga.

Boti ilikuwa inakuja. Ndiyo, ilikuwa inakuja, wakaona pua yake ikipanda na kushuka, wakamwona nahodha amesimama mkono mmoja kwenye usukani. Wifi akaanza kumsifu kaka yake tangu utotoni. Kisha boti ikapunguza mwendo. Kisha ikasimama.

"Anafanya nini huyu? Kaka! We kaka! Amelala?"

Mama Kwekwe alikuwa amegeuza shingo kumtazama Mama, juu kule, ambapo chekundu kilikuwa kikimeremeta juani kama kidonda.

Alifahamu yote kwa mara moja. Mumewe alikuwa anakiona cheupe. Alikuwa anakiona na chekundu pia. Na aliapa.

"Nimekiacha juu," alisema. "Nimefunika mayai."

Wifi alimtazama, akatazama juu, akatazama boti. Wimbi lilipanda juu ya Mtoto, likateleza kwenye jiwe hadi vifundoni mwao, likarudi. Lilikuwa la baridi kuliko siku zote.

"Umefunika mayai," wifi alisema taratibu. "Sisi tufe, mayai yapone. Ngoja nikakitoe." Akageuka kukimbilia Koo, na kwenye hatua zake za mwanzo tu ute wa mwani ukamtelezesha. Alianguka vibaya. Alipojaribu kuinuka alitoa sauti ambayo Mama Kwekwe alikuwa hajawahi kuisikia kwake, na kifundo cha mguu kikaanza kuvimba wakikiangalia.

"Vuka wewe," wifi alisema, jasho limemtoka. "Mimi mguu umekufa. Nenda, vuka, kuogelea kwenyewe ni kidogo tu, ukipiga mikono mitatu minne unafika."

"Sijui kuogelea."

"Acha masihara."

"Wifi, sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Wifi alivuta kamba ya magunia, akaanza kuifungua kwa meno.

"Inua mikono," alisema. "Inua! Nakufunga kiunoni. Mimi ni mzito, nyinyi wenyewe mnasema kila siku, leo uzito wangu utafanya kazi."

Alikaa chini, akabana mguu mzima kwenye ufa, akazungusha kamba mgongoni. Mama Kwekwe alisimama ukingoni. Maji yalijaa mpaka yakamgusa, meusi ndani, yakageuka, yakaanza kunyonywa. Alikumbuka mdomo wa tangi ulivyokuwa, duara la mwanga linalopungua juu yake.

"Yakitoka!" wifi alipiga kelele. "Yakitoka ndiyo uende! Sasa!"

Akaenda. Maji yalimfika kifuani, miguu ikatafuta chini na ikapata, ikapoteza, ikapata. Katikati yalianza kurudi. Alisikia yanakuja kando ya shavu lake, kisha hakusikia tena kitu, maana kichwa kilikuwa ndani. Kamba ikamkata kiuno. Wifi alikuwa anaikaza kwa nguvu zote asichukuliwe, na wimbi lenyewe, kwa ubishi wake, likambwaga kwenye vidato vya Mama. Alikamata jiwe lenye chaza, likamchana viganja, hakuachia. Alipanda, mara akapata pumzi ya kulia, akalia kwa sauti akiendelea kupanda.

Kamba ikafika mwisho. Alisimama, akatazama fundo kiunoni. Juu zilibaki hatua ambazo kamba haikuzifikia. Vidole vyake vilikataa, akalisukuma fundo hadi kifuani, akalifungua kwa meno kama alivyoona wifi akifanya, akaiacha ikaanguka.

Membe walimpiga kichwani alivyopita. Alikichomoa kitambaa kwa pupa, mawe yakaruka, yai moja likavunjika na hakulitazama. Akakikunja kifuani, akakikalia, akakificha chini ya mwili wake kama mwizi.

Boti ikaja.

Alimwona mumewe akiisogeza kwa kinyumenyume, akingoja, akisogeza. Alimwona wifi akitambaa kwa matako hadi ukingoni. Wimbi likainua, "Haya!" ikasikika mpaka juu, na yule mwanamke mnene akajirusha kwa mguu mmoja, akaangukia ndani ya boti kama gunia. Wimbi lililofuata lilifunika Mtoto wote. Magunia yalielea, yakazunguka, midomo yake ikafunguka, mbegu zikatawanyika juu ya maji.

Kisha mumewe akageuza boti kuelekea kwa Mama.

Hakuna boti iliyowahi kuusogelea ukuta ule. Aliisogeza. Alisimama chini yake, mbali kule chini, akirusha boya lenye kamba, akimfanyia ishara kwa mkono mzima: ruka. Wifi naye alikuwa ameshika kichwa, anamwambia kitu nahodha, anamvuta shati. Maji yalikuwa yakipanda ukuta na kushuka, na kila yalipopanda boti ilisogezwa karibu zaidi na jiwe.

Mama Kwekwe alitazama chini. Akasimama. Akakifungua kitambaa, akakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Chekundu.

Aliwaokoa wao, au alikataa maji? Baadaye alijiuliza, na jibu lilikuwa linabadilika. Pale juu alijua tu kwamba mikono yake ilikuwa imeinuka yenyewe. Mumewe alimtazama. Alimtazama muda mrefu mno, mawimbi yakipita chini ya boti. Kisha akarudi nyuma, kwa sababu aliapa, akaenda kusimama kwenye maji mapana na hakusogea hapo tena.

Mama Kwekwe alikaa mwambani mchana ule wote. Hapakuwa na kivuli ila kitambaa, akajifunika nacho, kisha akakumbuka mayai, akakigawa: nusu kichwani, nusu juu ya mayai. Bahari ilipiga ukuta, na kila pigo alilisikia kwenye mifupa ya makalio. Aliogopa kwamba haitatulia. Aliogopa zaidi kwamba itatulia na atalazimika kushuka. Membe walirudi mmoja mmoja, wakaja mpaka karibu na mguu wake, wakakalia mayai yao wakimtazama kwa jicho moja. Hawakumwamini. Hata yeye hakujiamini.

Jua lilipoanza kulegea, Koo iliacha kumeza. Mgongo wa Mtoto ukatokeza, unang'aa, mtupu. Akakikunja kitambaa, akavuka kwa mapaja, na boti ikamchukua.

Walikaribia gati. Wifi alikuwa amelaza mguu juu ya ndoo. "Nimemwambia hujui kuogelea," alisema. "Hata ungenichinja, ningemwambia."

Nahodha hakugeuka. Mama Kwekwe akaenda akasimama mbele yake, amsome midomo.

"Miaka yote," mumewe alisema. "Nilikuwa nakwambia ruka. Mimi. Kwa mdomo wangu."

"Hukujua."

"Ndiyo nasema. Sikujua." Akafuta uso kwa kiwiko. "Ofisini ulisema unaiweza bahari."

"Sikusema. Niliitikia kwa kichwa."

"Kaka, mpige hicho kichwa," wifi alisema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Ilibidi warudi. Mbegu zilizotawanyika zingekuwa zimejibana kwenye nyufa, na mvua ya kwanza ingeziotesha. Bahari ilipotulia, Mama Kwekwe alisugua viatu vyake peke yake pale benchini, akapanda botini, akajifunga jaketi, na safari hii akaamua kushuka nalo. Wifi, mguu kwenye bandeji, alikaa nyuma na kitambaa cheupe na simulizi zake.

Nahodha alisogeza boti kwa kinyumenyume hadi kwa Mtoto. Wimbi likainua. Mama Kwekwe alisimama ukingoni, akasubiri neno. Halikuja. Aligeuka akakuta mumewe ameacha usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amemshika yeye kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka kucha zinaingia.

Wimbi likapita. Likaja jingine, likainua, likapita.

"Niachie, baba," alimwambia. "Bahari nzuri leo."

"Bado," mumewe alisema, macho yamemtoka, akiyatazama maji.

"Hili lilikuwa zuri," alimwambia sikioni.

"Najua lilikuwa zuri. Bado."